Bangi ya Juzi na Siri za Washington

Leo nawapeleka mbali kidogo, Marekani, kwenye karatasi moja ya serikali inayowakosesha usingizi vijana wengi, wa kwetu wakiwamo. Inaitwa SF-86. Wenyewe wanaiita fomu, lakini kurasa zake zimepita mia moja. Huijaza mtu anayetaka kazi itakayomfikisha kwenye siri za nchi ile: mwanajeshi wa mawasiliano, mhandisi wa makombora, mkalimani, mtunza kompyuta za wizara, hata anayefagia ofisi ambazo mafaili yake hayaonwi na kila mtu. Utaulizwa umeishi wapi, umesoma wapi, unadaiwa na nani, umesafiri nchi gani, una ndugu gani ng'ambo. Halafu unafika Sehemu ya 23, na hapo kalamu inasita. Swali lenyewe, kwa maneno yangu, ni hili: katika miaka 7 iliyopita, umewahi kutumia dawa za kulevya kinyume cha sheria?

Tunaingiaje sisi hapo? Tunaingia kwa sababu watoto wetu wamo. Wako waliozaliwa Mombasa, Arusha, Bukavu na Bujumbura ambao leo ni raia wa Marekani. Wengine wako jeshini, wengine kwenye kampuni zinazofanya kandarasi za Wizara ya Ulinzi huko Virginia na Maryland, kandokando ya jiji la Washington. Kuanzia 2008 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango maalumu wa kuandikisha wageni wanaojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kwa kijana wa namna hiyo, kibali cha usalama kinaweza kuamua kama atasimama getini au ataketi ndani kwenye kiyoyozi. Na mshahara unapishana sana.

Sasa, pamoja na fomu huja ushauri. Unatolewa kwenye sherehe, kwenye simu, kanisani baada ya ibada, msikitini baada ya Ijumaa. "Andika hapana. Nani alikuona?" Nimewasikia watu ninaowaheshimu wakisema hivyo, na wanasema kwa mapenzi. Lakini ni ushauri mbaya, na jioni hii nataka kueleza kwa nini. Anayepima fomu ile ana njia nyingi za kusamehe bangi ya zamani. Uongo ulioandikwa juu ya bangi hiyo ana njia chache mno za kuusamehe.

Tuanze na msingi wenyewe. Marekani haimpi mtu yeyote haki ya kupata kibali cha usalama. Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 1988, katika kesi ya Jeshi la Majini dhidi ya mtu aitwaye Egan, aliyekuwa kibarua kwenye kituo cha kuhudumia nyambizi katika jimbo la Washington. Alinyimwa kibali kwa sababu ya makosa ya zamani, kwa sababu ya ulevi, na kwa sababu baadhi ya hukumu zake hakuzitaja alipojaza karatasi. Bila kibali kazi haikuwezekana, akaachishwa. Mahakama ikasema suala la nani aaminiwe na siri ni la serikali yenyewe kuamua, na kwamba anayeamua akiwa na shaka, shaka hiyo itaegemea upande wa usalama wa nchi. Mahakamani mshtakiwa hufaidika na shaka. Hapa mambo yamegeuzwa kichwa chini. Ni kama kijiji kinachotafuta mtu wa kumwachia ufunguo wa ghala: hakuna anayehitaji kuthibitisha kwamba wewe ni mwizi, inatosha wazee wasitulie.

Na hicho kinachowafanya wazee wasitulie hubadilika na zama. Amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953, iliyoweka msingi wa uchunguzi huu, ilitaja uraibu wa dawa za kulevya na ulevi wa kupindukia. Amri hiyohiyo ilitumika kuwafukuza kazi maelfu ya watu waliodhaniwa kuwa wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 1995 amri ya Rais Clinton ikakataza mtu kunyimwa kibali kwa sababu hiyo. Nalitaja hili ili msikilizaji usidhani kwamba vipimo hivi viliteremshwa kutoka mbinguni. Vimeandikwa na watu, na watu huvifuta.

Kwa upande wa dawa za kulevya, kamba ilikazwa zaidi mwaka 1986. Rais Reagan aliamuru kila mtumishi wa serikali kuu ajiepushe nazo, awe kazini au nyumbani kwake. Mwaka 2008 Bunge likaongeza kifungu kinachosema kwamba mtu ambaye hivi sasa anatumia dawa za kulevya kinyume cha sheria, au ni mraibu, hawezi kupewa kibali. Shikeni hapo kwenye "hivi sasa". Aliyetumia zamani hatajwi kwenye katazo hilo. Yeye anapelekwa kwenye mizani nyingine.

Mizani hiyo ni mwongozo wa Juni 2017, unaotumiwa na idara zote. Una vipengele 13, kuanzia A mpaka M. Kuna cha madeni, kuna cha pombe, kuna cha uhusiano na nchi za nje, na cha dawa za kulevya ni H. Hoja zake mbili hazina ugumu: dawa zinaweza kuvuruga akili ya mtu aliyebeba siri, na mtu aliyevunja sheria moja kwa starehe anaweza kuvunja nyingine. Kisha mwongozo unaorodhesha yanayopunguza uzito wa kosa. Je, ilikuwa zamani? Ilikuwa mara chache? Ilitokea katika mazingira ambayo hayatarajiwi kurudi? Mtu mwenyewe anakiri? Ameachana na wale aliokuwa akivuta nao? Yuko tayari kutia sahihi tamko kwamba hatarudia, na kwamba akirudia kibali kifutwe? Amemaliza matibabu?

Hili la matibabu nalirudia kwa wazazi wanaoficha mtoto asipelekwe kutibiwa wakihofia "ataharibu faili". Kwa mizani hii, kukamilisha matibabu kunahesabiwa upande wa mtu.

Mtaniuliza, sasa ni miaka mingapi inayotosha? Hakuna namba. Mwongozo haukuweka, na waamuzi wanakataa kuwekewa. Hukumu za majaji wa Wizara ya Ulinzi wanaosikiliza rufaa za wakandarasi huchapishwa bila majina, na ukizisoma unaona mtindo wao. Mwanafunzi aliyevuta chuoni, akaacha, akasema mwenyewe, mara nyingi hupita. Aliyevuta wikiendi iliyopita huku fomu iko mezani, huyo ana shida. Mwenye shida kubwa kuliko wote ni yule aliyekuwa na kibali mkononi akavuta hata hivyo, kwa sababu alikwisha kuahidi. Kosa la kuvuta baada ya kupewa siri limetajwa peke yake kwenye mwongozo, na fomu inaliuliza bila kikomo cha miaka 7. Inauliza kama limewahi kutokea, basi.

Tuje kwenye ulimi. Kabla ya kipengele H kuna kipengele E, kinachohusu mwenendo wa mtu, na ndani yake limo kosa la kuficha ukweli kwenye fomu kwa makusudi. Zaidi ya hapo, kudanganya serikali kuu kwa maandishi ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5. Sasa sikilizeni jambo ambalo washauri wetu wa kwenye sherehe hawalijui: fomu yenyewe, palepale Sehemu ya 23, inaahidi kwamba majibu ya kweli kuhusu matumizi hayo hayatatumika kuwa ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya jinai. Ahadi hiyo inamlinda mkweli. Mwongo hana ulinzi wowote.

Na njia ya mwongo, wahenga walishasema, ni fupi. Mchunguzi hakai ofisini. Anamtafuta uliyekuwa ukiishi naye chumba kimoja chuoni, anamtafuta bosi wako wa zamani, anagonga kwa jirani, anaonyesha kitambulisho na kuuliza. (Najua kwa kina mama wetu jibu la kwanza ni "simjui", hata kama kijana anakula kwao kila Jumapili. Msifanye hivyo, mnamharibia.) Idara za ujasusi kama CIA na NSA zinamkalisha mwombaji kwenye mashine ya kupima uongo, na huko maswali yanarudi nyuma kuliko miaka 7. Ukiniuliza kuhusu uwezo wa mashine ile, nina wasiwasi nao. Lakini mtu aliyeandika "hapana" ya uongo hutokwa jasho hata kabla hajafungwa nyaya.

Kuna sababu nyingine, na hii kwangu ndiyo yenye akili zaidi. Jasusi wa nchi nyingine hamnunui mtu kwa fedha tu. Humtafuta mtu mwenye kitu anachokificha. Ikiwa mke wako anajua ulivuta, mkuu wako anajua, na karatasi imeandikwa, atakutisha kwa lipi? Siri yako binafsi ukishaikabidhi mwenyewe, haina bei tena. Ndiyo maana kipengele E kinampa nafuu hata aliyedanganya, endapo amerudi upesi na kusahihisha kwa nia njema kabla hajawekewa ushahidi mbele. Ukishabanwa, kukiri kwako kunapoteza thamani.

Hapa sasa tuingie kwenye mkanganyiko wa Wamarekani wenyewe, na ni mkanganyiko kwelikweli. Novemba 2012 wapigakura wa Colorado na jimbo la Washington waliruhusu bangi ya starehe. Majimbo mengine yakafuata: Virginia mwaka 2021, Maryland na Minnesota mwaka 2023. Leo kijana wa Kikenya pale Minneapolis anapita mbele ya duka la bangi lenye taa na leseni, kama anavyopita mbele ya duka la viatu. Lakini kwa sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970, bangi iliwekwa daraja la kwanza, kundi moja na heroini. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ishushwe hadi daraja la tatu, lakini hata dawa ya daraja la tatu ni kosa kuitumia bila kuandikiwa na daktari. Fomu ya kibali ni ya serikali kuu, nayo inakuonya waziwazi: jibu kwa sheria ya taifa, hata kama jimbo lako linaruhusu. Risiti ya dukani haikusaidii.

Wakubwa wanaijua aibu hii. Mwaka 2014 James Comey, mkuu wa idara ya upelelezi ya FBI wakati huo, alisema hadharani kwamba anahitaji vijana hodari wa kupambana na wahalifu wa mitandaoni, na baadhi ya vijana hao wanataka kuvuta bangi wakiwa njiani kuja kwenye usaili. Seneta mmoja akamshukia, naye Comey akasema alikuwa anatania. Utani wake ulikuwa kweli tupu. Mwaka 2021 FBI ikapunguza muda wa lazima wa kukaa bila bangi kabla ya kuomba kazi kutoka miaka 3 hadi mwaka 1. Desemba mwaka huohuo Avril Haines, aliyekuwa mkurugenzi wa idara zote za ujasusi, akatoa mwongozo kwa wanaopima vibali: bangi ya zamani itazamwe, lakini isiwe peke yake sababu ya kumkataa mtu, na mwombaji ashauriwe kuacha kuanzia anapotia sahihi fomu. Lakini msisherehekee mapema. Machi ya mwaka uleule, msemaji wa Ikulu Jen Psaki alithibitisha kwamba watu 5 waliokuwa wameanza kazi Ikulu hawakuwa tena na kazi kutokana na sera ya bangi.

Kuna mengine ambayo hayamsumbui Mmarekani wa kawaida, yanatusumbua sisi. La kwanza ni mirungu. Kule Kenya ni zao la biashara, linalisha familia za Meru na kulipa ada za shule. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, ni dawa ya kulevya na polisi watakukamata nayo. Marekani, kiini chake kiitwacho kathinoni kimewekwa daraja la kwanza, kundi lilelile la heroini. Kijana anayetafuna na wajomba zake kwenye kibanda kule Minnesota anaona ni mazungumzo ya wazee na chai. Mchunguzi anaona Sehemu ya 23.

La pili ni vidonge. Sisi tumezoea kugawana dawa. Mgongo ukiniuma, shangazi anafungua mkoba na kunipa kidonge alichoandikiwa yeye, nami nashukuru. Kule, kumeza dawa kali ya maumivu iliyoandikiwa mtu mwingine ni matumizi mabaya ya dawa, na fomu ina swali lake. Vijana wa vyuoni humeza vidonge vya kusaidia umakini walivyopewa na wenzao usiku wa kuamkia mtihani, na hawakumbuki kabisa kuviandika. Si kwa ubaya. Hawakujua kwamba vinahesabiwa.

La tatu ndilo zito, na naomba mnisikilize polepole. Yote niliyosema kuhusu kusema ukweli kwenye SF-86 yanamhusu raia. Kibali cha usalama, isipokuwa kwa ruhusa finyu sana, hupewa raia tu. Wewe mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile mnayoiita grini kadi, uko chini ya sheria nyingine kabisa, ya uhamiaji. Huko, kukiri tu kwamba uliwahi kumiliki au kutumia dawa ya kulevya kunaweza kukufungia mlango wa kurudi nchini ukisafiri, hata kama hukuwahi kushtakiwa. Aprili 2019 idara ya uraia ilisema wazi kwamba bangi, hata iliyonunuliwa kihalali jimboni, hata kazi kwenye duka la bangi, inaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana tabia njema. Kudanganya huko nako ni kosa linalozuia uraia. Kwa hiyo mgeni amebanwa pande zote mbili: akisema ameumia, akidanganya ameumia. Ahadi ya ulinzi niliyoitaja imeandikwa kwenye SF-86, usiibebe kwenda nayo kwenye karatasi za uhamiaji. Mgeni mwenye historia ya namna hii amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote na kabla ya kupanda ndege kuja likizo Dar.

Je, mpango mzima ni wa haki? Nina maoni yangu. Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kogelo, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba alivuta bangi ujanani na kokeini aliigusa. Mwaka 2009 alikabidhiwa siri zote za Marekani bila kujaza SF-86, kwa sababu rais hachunguzwi, kura ndiyo kibali chake. Wabunge nao hivyohivyo. Lakini mtoto wa watu anayetengeneza redio za ndege anapimwa kwa msokoto mmoja wa mwaka juzi. Tena bangi ya mtoto wa tajiri imevutwa kwenye bweni na hakuna polisi aliyeingia. Ya kijana mweusi wa mtaani ina rekodi ya kukamatwa, na rekodi inafika mezani kabla yake. Mwongozo unasema humtazama mtu mzima mzima, maisha yake yote. Nakubali kwamba umekuwa na huruma kuliko zamani. Bado huruma hiyo inamfikia kwa urahisi zaidi anayejua jinsi ya kuiomba, na wengi wetu hatujui.

Hata hivyo, kutolipenda swali hakumpi mtu ruhusa ya kulidanganya. Niseme pia, kwa vijana wengi wa kwetu bangi haitakuwa sehemu ngumu ya uchunguzi. Watakaa muda mrefu zaidi wakieleza mama aliye Mwanza, kaka aliye polisi Goma, na fedha wanazotuma kila mwezi.

Nawageukia wazazi mlioko huku nyumbani, maana simu huwa inapigwa kwenu usiku. Mtoto ambaye amekwisha kuwa raia akiwaambia kuna swali kwenye fomu analiogopa, msimwambie akae kimya. Mwambieni aache leo, aandike mwezi na mwaka wa mara ya mwisho, aseme ilikuwa mara ngapi na wapi, asipunguze wala asiongeze, na kama ameshatuma fomu yenye uongo, amwandikie mchunguzi kesho asubuhi kabla mchunguzi hajamwita. Na kama hajapata uraia, mchangieni fedha za wakili kwanza. Kwa jioni hii naishia hapo.